Mtoto Anasafiri, Anakutana na Nani?

Muulize yeyote aliyesoma sekondari ya serikali miaka ya 1970, atakusimulia habari za waranti. Kilikuwa kikaratasi tu: unakipeleka dirishani stesheni, unapewa tiketi ya daraja la tatu, serikali imeshalipa. Mtoto wa Bukoba alipanda meli jioni, akaamkia Mwanza, akaingia kwenye treni na sanduku lake la bati. Pale Tabora mabehewa ya Mwanza yaliunganishwa na ya kutoka Kigoma, wakaongezeka watoto wengine wenye masanduku kama lake na lafudhi tofauti kabisa. Mpaka wanashuka Dar es Salaam kwenda shuleni Pugu au Minaki, walikuwa wameshagawana ndizi za kuchoma na migebuka mikavu, na wameshabandikana majina ya utani ambayo wengine wanaitwa nayo mpaka leo wakiwa na wajukuu.

Hakuna aliyeziita safari zile programu ya elimu ya utamaduni. Zilikuwa safari za kwenda shule, basi. Lakini nyuma yake palikuwa na uamuzi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za madhehebu mikononi mwa serikali, na wanafunzi wakawa wanapangwa bila kuangalia dini wala mkoa wanakotoka. Mpare akalala kitanda cha juu, Mchaga cha chini, na utani wa makabila hayo mawili, ambao wazazi wao waliumalizia misibani, ukapata uwanja mpya bwenini. Mtoto aliyekulia kwenye ndizi alijifunza kumeza ugali wa dona. Wa pwani aliyezoea wali wa nazi akakutana na makande, leo, kesho na keshokutwa. Kiswahili hakikuwa somo la kufaulia mtihani tu, ndicho kilichotumika kuombea chumvi. Julius Nyerere, ambaye serikali yake ndiyo iliyopanga hivyo, alikuwa ameipita njia hiyo mwenyewe: Musoma hadi Tabora mwaka 1937, Makerere 1943, Edinburgh 1949.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004 nchi ikiwa na sekondari zipatazo 1,300. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Sina ugomvi na shule za kata. Zimewasomesha vijana wengi mno ambao zamani wangeishia darasa la saba, wasichana hasa. Ila zilikuja na gharama moja isiyoandikwa popote: kijana anaweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne bila kulala usiku mmoja nje ya wilaya yake, huku mitihani ikimtaka aeleze Vita vya Pili vya Dunia, biashara ya utumwa na kilimo cha ngano cha Canada.

Pengo hilo sasa linajazwa na barua inayokuja nyumbani ndani ya daftari la mtoto. Shule imeandaa ziara ya mafunzo, mzazi anaombwa kuchangia kiasi fulani kabla ya tarehe fulani. Kwa shule nyingi za Dar es Salaam ni Bagamoyo, Mikumi au Zanzibar. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, Dodoma nayo imesogea karibu: watoto wanaonja treni ya umeme, wanakaa jukwaa la wageni bungeni, Spika anaitaja shule yao, wanasimama, wanapigiwa meza, wanakaa. Wakenya walitangulia; reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipozinduliwa Mei 2017, mtoto wa bara aliyeijua bahari kwa picha akapata njia nyepesi ya kufika Fort Jesus. Kwa shule za ada kubwa barua inataja Dubai, Uturuki au Uingereza. Kwa shule nyingi za vijijini barua haiji kabisa.

Swali langu kwa barua hizi zote ni moja, na halihusu umbali. Huyo mtoto akishafika, atakutana na nani?

Twende Bagamoyo, maana ndiko wengi wanakopelekwa. Jumamosi ya Septemba mabasi ya shule yamepangana tangu saa nne asubuhi. Mwongozaji anaongea haraka kwa kuwa kundi jingine linamsubiri. Watoto sitini wamesongamana kwenye kivuli, kila mmoja na daftari, na kazi wanayofanya ni kunakili: mwaka ulioandikwa kwenye kibao, jina lililoandikwa kwenye kibao, twende kibao kinachofuata. Wa nyuma hawasikii kitu na wameshaanza kufungua chipsi zao. Saa nane wako ufukweni, saa kumi wako ndani ya basi. Jumatatu mwalimu anawapa insha ya safari ya Bagamoyo, na insha sitini zinaanza kwa sentensi ileile ya kuamka alfajiri na mapema.

Sasa tazama kilichowapita. Pale kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 upo mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Watoto wananakili jina la Livingstone. Wachache wanaondoka na majina ya waliombeba: Abdullah Susi, mtu wa Shupanga katika Msumbiji ya leo, James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani angali mtoto, na Jacob Wainwright, naye aliyeonja utumwa, akasomeshwa Nasik nchini India, na ndiye aliyeandika kumbukumbu za ile safari. Waliuzika moyo kijijini kwa Chitambo, Zambia ya sasa, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa ili ufanane na mzigo wa biashara, kwa sababu si kila kijiji kingekubali maiti ipite. Wakatembea miezi, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka pwani. Wainwright alifuatana na jeneza hadi London, na Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolishika ndani ya Westminster Abbey.

Hilo peke yake ni somo la muhula mzima, na ndani yake mna Msumbiji, Malawi, India, Zambia, Unguja na London. Mtoto aliyepewa kazi ya kumfuatilia mmoja tu kati ya watu hao, wiki mbili kabla ya safari, akifika kwenye ule mnara atakuwa na swali lake mwenyewe la kumuuliza mwongozaji. Pale Kaole, kilomita chache kusini, nguzo za makaburi ya kale zilipambwa kwa vibakuli vya kauri kutoka China. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, sultani alikuwa akipiga sarafu zake mwenyewe. Mwalimu wa sekondari ya kata Kilwa Masoko anaweza kulifundisha darasa lake habari za Uajemi, Gujarati na China kwa nauli ya kuvuka kwa boti. Sijui nani alitufundisha kwamba elimu ya dunia inaanzia uwanja wa ndege.

Wajapani wameyafanya haya kwa muda mrefu. Mwaka 1886 chuo cha ualimu cha Tokyo kiliwatoa wanafunzi wake kwa miguu kuelekea Chiba, safari ya zaidi ya siku kumi iliyochanganya gwaride la kijeshi na masomo ya viumbe. Leo safari hiyo, shūgaku ryokō kama wanavyoiita, ni sehemu ya maisha ya karibu kila mtoto wa Kijapani. Kinachonivutia mimi si treni zao za kasi, ni mambo mawili ya chini kabisa. La kwanza ni pesa. Aghalabu mzazi halipi kwa mkupuo, analipa kidogo kidogo kila mwezi tangu mapema. Ni upatu, isipokuwa anayepokea ni mtoto. La pili ni kazi wanayofanya kabla. Watoto hutengeneza kijitabu chao cha safari, hugawanyika vikundi vidogo, na kikundi hujipangia kitakavyozunguka Kyoto: hekalu gani kwanza, basi lipi, chakula wapi. Wanaokwenda Hiroshima hukunja korongo wa karatasi kwa wiki nyingi kwa ajili ya Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka Agosti 1945, akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Wanawabeba korongo hao wenyewe hadi kwenye mnara wa watoto. Na miaka yote hii wamekuwa wakiketishwa mbele ya mzee aliyenusurika, anawaeleza aliyoyaona asubuhi ile. Wazee hao sasa wanakwisha, na Wajapani wanahangaika nani ataketi kwenye kile kiti.

Hapo ndipo unapouona uzito wa mtu kukutana na mtu. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu ndani ya miaka 75: 1870, 1914, 1939. Januari 1963 Charles de Gaulle na Konrad Adenauer walitia saini mkataba katika ikulu ya Élysée, na kabla mwaka haujaisha nchi hizo zilikuwa na ofisi moja ya vijana inayolipiwa na pande zote mbili. Zaidi ya vijana milioni 9 wameshapita humo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni jambo rahisi: mwanafunzi wa Kifaransa analala nyumbani kwa mwenzake wa Kijerumani, asubuhi anakwenda naye darasani, jioni anakula kilichopikwa. Miezi kadhaa baadaye mwenyeji anarudisha ziara. Kila mzazi anamlisha mtoto wa mwenzake, hoteli hailipwi.

Sisi nasi tulipigana na jirani. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, vijiji vikateketea. Wanajeshi wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Lakini Masaka nako kuna wazee wenye simulizi zao, maana mji wao ulivunjwavunjwa na majeshi yetu mwaka 1979. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni takribani kilomita 80, na ukishavuka, Masaka haiko mbali. Natamani kuona kidato cha tatu cha Bukoba wakikaa wiki moja katika nyumba za wenzao wa Masaka, wakisikiliza bibi wa kule anavyoieleza vita ileile waliyoisoma kwa upande mmoja. Kisha wenyeji waje, wote waende Kaboya pamoja. Hiyo haihitaji mfadhili kutoka Brussels. Inahitaji basi, wakuu wa shule wawili wenye ujasiri na wazazi wanaoaminiana.

Kuna mahali watoto wetu wanavuka mipaka kila mwaka na hakuna anayeliandika kama jambo la elimu: mashindano ya michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA. Mwaka 2023 yalikuwa Huye, Rwanda. 2024 Mbale, Uganda. 2025 Kakamega, Kenya. Magazeti yanaandika mabao. Mimi ningependa kusoma habari za yule mlinda mlango wa kidato cha tatu ambaye, basi lao lilipovuka daraja la Rusumo, aliona magari yote yamehamia mkono wa kulia na hakuna mtu aliyegongana. Aliyekwenda Mbale amerudi anajua rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, na kwamba Mganda anayeongea Kiingereza haraka namna ile kwenye foleni ya chakula ana aibu ya Kiswahili kama yeye alivyo na aibu ya Kiingereza. Wanalala kwenye mabweni, wanafua pamoja, wanabadilishana jezi siku ya mwisho. Kasoro yake ni kwamba mlango huo ni wa wenye miguu na vifua. Mtoto anayependa historia, au yule wa katikati ambaye hana kipaji chochote cha kutangazwa, hana basi la kumbeba.

Kwa wachache wamekuwepo wafadhili wa mbali. Mpango wa serikali ya Marekani uitwao YES, ulioanzishwa mwaka 2002, uliwapeleka vijana wa sekondari, wa Kenya na Tanzania wakiwamo, kuishi na familia ya Kimarekani kwa mwaka wa masomo na kusoma shule ya kawaida ya mtaani. Ni vijana wachache kabisa. Lakini mwaka mzima wa kuosha vyombo kwenye nyumba ya watu, kufunga Ramadhani peke yako na kueleza kila siku kwamba Afrika si nchi moja, haulingani na siku tano za kupiga picha chini ya Burj Khalifa.

Upande wa pili kuna wageni wanaokuja kwetu. Shule za Ulaya na Marekani huleta wanafunzi wao kila likizo ya Julai, Kilimanjaro na Arusha hasa. Wengine wanakuja vizuri, na shule rafiki waliyoandikiana nayo kwa miaka. Wengine wanakuja kupaka rangi ukuta ambao fundi wa kijijini angeupaka kwa siku mbili, watoto wetu wanatolewa darasani kuwaimbia, picha zinapigwa, basi linaondoka. Sioni nani kajifunza nini hapo. Mkuu wa shule anayepokea wageni wa namna hiyo ana haki ya kuweka sharti: kila mgeni akae dawati moja na mwenyeji, afanye naye hesabu, na jioni aende naye kuchota maji.

Na kurudisha ziara ndiko kwenye mlima. Kijana wa Ulaya anaingia Tanzania kwa viza ya dola 50 anayoweza kuilipia uwanja wa ndege. Wa kwetu anadaiwa bima, barua ya benki ya mzazi ambaye pengine hana akaunti, na uthibitisho kwamba atarudi. Ipo nafuu moja ambayo mwalimu anayejaza fomu anapaswa kuijua: sheria ya viza ya Schengen inawasamehe ada wanafunzi wanaosafiri kimasomo pamoja na walimu wanaoambatana nao, wakati mtu mzima wa kawaida hulipa euro 90. Aitaje mwenyewe kwenye barua, asingoje kuambiwa. Kwa safari za jirani mambo ni mepesi zaidi. Pasipoti yetu ni sh 150,000, lakini asiyeimudu anaweza kuomba Uhamiaji hati ya dharura ya kusafiria.

Siwezi kuandika habari za mabasi ya wanafunzi nikapita kimya Karatu. Asubuhi ya Mei 6, 2017, wanafunzi 32 wa shule moja ya msingi ya Arusha, walimu wawili na dereva walifariki basi lao lilipotumbukia bondeni kwenye barabara yenye utelezi. Hawakuwa wakienda mbugani, walikuwa wakienda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Machi 2024 wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walikufa Maungu, karibu na Voi, wakiwa njiani kwenda pwani kwa ziara ya masomo. Mzazi anayekataa kusaini fomu baada ya habari kama hizo hana ushamba wowote. Anachohitaji ni kujibiwa: basi lina viti vingapi na watoto wako wangapi, mikanda ipo, dereva alilala saa ngapi, na kwa nini safari ya kilomita mia tano inafanywa kwenda na kurudi siku moja ili kuokoa pesa ya malazi.

Malazi ndiyo yanayorudisha hoja yangu. Shule za bweni huwa tupu likizo, na shule rafiki hazikosi nyumba za wazazi. Sekondari ya Temeke ikifunga urafiki na sekondari ya Kondoa, watoto wa Temeke watalala Kondoa, watakwenda Kolo kuona michoro ya miambani iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006, watakula ugali wa uwele na mlenda, na mwaka unaofuata wa Kondoa watakuja kuona bandari. Michango inabaki kuwa nauli na unga, na hata mtoto wa mama lishe anaweza kuhesabiwa humo.

Serikali yenyewe haijaacha kabisa kazi ya zamani. Kila katikati ya mwaka, majina ya kidato cha tano yakitoka, stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa matranka na magodoro yaliyoandikwa majina kwa kalamu ya maka: mtoto wa Mtwara anakwenda Kagera, wa Rukwa anakwenda Tanga. Ndiyo masalia ya waranti, ingawa nauli sasa ni ya mzazi. Na kila mwaka wazazi wanakimbizana na maofisa kuomba mtoto abadilishiwe shule, aletwe karibu. Kama ni ugonjwa au tahasusi imekosewa, ni haki yako. Kama sababu ni kwamba huko ni mbali na hatujui mtu, mwache aende.

Kwa wewe ambaye mwanao yuko shule ya msingi au kidato cha pili, barua ya safari itakuja tu. Kabla hujatuma pesa, nenda shuleni ukaulize watoto wameandaliwa nini kabla ya kuondoka, watalala kwa nani, kuna mtoto wa huko ambaye mwanao atajua jina lake, na wenyeji watakuja lini kwenu. Uliza pia kama wale ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuchangia wamefikiriwa. Mwalimu mwenye majibu mpe ushirikiano wote, hata gunia la unga. Asiye na majibu, mwambie kwa heshima kwamba mwaka huu utasubiri.